Saa Isiyo na Mnara

Niliinunua bila kujua.
Nilitaka koti tu. Juni ya Dodoma haina masihara,
upepo wake huingia hadi kwenye meno.
Soko la Sabasaba, elfu kumi na mbili baada ya kubishana sana,
na mfuko wa kushoto, chini ya tiketi iliyofuliwa ikawa uji,
saa ya mkono. Imekufa.

Nikaiweka dirishani, nyumbani Bahi, nikaisahau.
Jua la kwetu halikuisahau.
Siku ya tatu mshale wa sekunde ukashtuka,
ukawa unaruka mbilimbili kama mbuzi aliyefunguliwa kamba,
kisha mishale yote mitatu ikakimbilia kumi na mbili,
ikasimama pamoja
kama watu waliosikia hodi.

Fundi Ndahani, Barabara ya Sita, aliitazama bila kuifungua.
"Haijaharibika, sista. Inasikiliza redio."
Redio gani?
"Si ya muziki. Kuna mnara Ujerumani unahesabu sekunde
usiku kucha, bila kukohoa. Saa hizi ni watoto wake.
Ila sauti ya mama haifiki huku.
Inaishia hukohuko kwenye mchanga."

Akanifundisha kwa ncha ya njiti ya kiberiti:
bonyeza kitufe cha chini, hesabu hadi tano, usiachie mapema;
sekunde ikipanda juu, achia.
Halafu cha juu, dakika kwa dakika, polepole,
maana ukipitiliza utazunguka tena saa kumi na mbili nzima.
Subiri taarifa ya habari ya saa mbili.
Mlio wa mwisho, ndipo ubonyeze.

"Nikusogezee sita, isome Kiswahili?"
Nikakataa. Mshale ukielekea moja nasema saba,
kama mama alivyonionyesha kwenye saa ya kanisani:
mwanangu, tazama ng'ambo.

Miezi mingi nilihesabu nayo mapigo ya moyo
ya watoto ambao bado hawajaonana na mtu,
sikio tumboni, jicho kwenye mshale.
Saa njema. Ila kila usiku, saa nane kamili,
inaacha kazi.
Mishale inapanda. Inasimama. Inatafuta.
Dakika sita, saba, mara nyingine kumi na mbili.
Kisha inashuka, inarudi kwenye hesabu niliyoipa mimi,
bila neno.

Mele Chidawali alijifungua ndani ya dakika hizo.
Kichwa, bega, bega, kilio,
nikageuza mkono nisome, kama nilivyozoea,
na saa ilikuwa Ujerumani.
"Yudithi! Saa ngapi?"
Yudithi ndoo mkono huu, taa mkono ule,
simu yake iko chaji dukani tangu jioni.
Treni ya mizigo imeshapita? Bado.
Jogoo? Wapi.
Na daftari lina safu ya dakika,
halipokei "nane na kitu".

Nikaandika nane na saba.
Binti ana miaka miwili sasa, anakimbiza bata wa watu,
na ile saba imegongwa muhuri.

Ndahani anasema naweza kuikomesha:
vitufe vyote viwili, kwa pamoja, pumzi tatu,
haitamtafuta tena.
Usiku wa zamu nafanya hivyo. Kazi ni kazi.

Nikiwa na mapumziko naiwasha.
Naitoa chini ya bati, bati huziba, alisema,
naiweka juu ya tofali uani, uso kaskazini,
na kama nimekosa usingizi nakaa nayo hadi nane,
koti begani, mimi na mtoto wa watu,
kimya, tusije tukamfunika mtu anayeita.

Asubuhi naikuta na vumbi kiooni,
imebaki nyuma sekunde moja, labda mbili.
Naifuta kwa pindo la kanga.
Nafungua redio.